Mbwa Akikohoa, Usikimbilie Fimbo na Usikimbilie Kumwingiza Mkono Mdomoni

Safari hii hatuandiki juu ya mgao wa chakula wala juu ya safari za ng'ambo. Tunaandika juu ya mbwa. Msicheke kwanza. Hii habari ilitaka kuua mnyama mwenye hana kosa, na wiki chache baadaye ilitaka kutuchukulia mtoto. Zote mbili zilianzia pamoja: watu walisikia mbwa anakohoa, wakaamua haraka.

Sisi ni vijana watano wenye tunajitolea kufundisha watoto jioni. Tuna chumba kimoja cha udongo na mabati. Ndani kuna vitabu, betri ya sola, na simu za majirani zenye zinachajiwa. Wezi wako, mnajua wenyewe. Ndiyo maana tunafuga mbwa. Jina lake Bonjour, juu anasalimia kila mtu, mpaka tunaogopa siku mwizi akija naye atasalimiwa. Ni mbwa mdogo, miguu mifupi, shingo nyembamba. Mchana tunamfunga kamba ili asisumbue kuku za watu.

Sasa, Bonjour alikuwa na hiyo tabia. Kila asubuhi akituona tunakuja, anaruka, kamba inamvuta, halafu anaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kama bata bukini anapiga kelele. Anakohoa mara tano sita, anafungua mdomo kama mtu anataka kutapika, saa nyingine anatema povu kidogo nyeupe, basi. Dakika moja haiishi, anatikisa mkia na kuomba bugali.

Majirani hawakupenda. Mmoja akasema ni kichaa cha mbwa. Mwingine akasema ni TB, atawapa watoto wote wa kijiji. Maneno yakazunguka kisimani, yakafika kwa mwenyekiti. Siku moja mzee akaja na vijana wawili wenye fimbo. Hatukumlaumu. Mtu mwenye anachunga usalama wa watu hawezi kuchekea kichaa cha mbwa. Tulimwomba muda tu. Akasema, "Nawapa siku mbili. Ya tatu nisimwone hapa."

Tulimtafuta daktari wa mifugo mwenye anapitaga sokoni kuangalia ng'ombe. Tulifikiri atatoa sindano palepale. Kumbe alianza na maswali, kama vile mwalimu anaita watoto ubaoni. Anakohoa saa ngapi? Akiwa anafurahi tu, au hata akilala? Anakula? Anakunywa maji na kumeza vizuri? Sauti yake imebadilika? Usiku anakohoa? Akikimbia anachoka haraka? Ana makamasi? Amepigana na mbwa mgeni? Alichanjwa lini?

Tukajibu moja moja. Anakohoa akifurahi na akivuta kamba. Akilala hakohoi. Anakula mpaka anatulamba sahani. Kubweka kwake ni kulekule. Alichanjwa mwaka huu, kadi yake hii hapa.

Daktari akaweka vidole viwili chini ya koo la Bonjour, akabonyeza pole pole. Papo hapo mbwa akakohoa kikohozi kilekile cha bata. Akatuonyesha maana yake. Bomba la pumzi la mbwa limeshikiliwa na pete za gegedu, kile kitu kigumu kidogo kama cha sikio lako. Kwa mbwa wadogo wengine hizo pete zinalegea. Mbwa akitulia, hewa inapita bila shida. Akifurahi sana, anavuta pumzi kwa nguvu, bomba linabanwa, anakohoa. Na kama kuna kamba shingoni inamkaba, ni mbaya zaidi. Kujikaza kama anataka kutapika ni mwisho wa kikohozi tu, siyo mfupa umekwama.

Dawa yake ya kwanza haikuwa ya duka. Alisema: toeni kamba shingoni. Tulichukua mpira wa ndani wa baiskeli iliyokufa na kitambaa cha gunia, tukashona mkanda wa kupita kifuani na nyuma ya miguu ya mbele. Kamba tukafunga mgongoni. Pili, msimnenepeshe, mafuta yanambana zaidi. Tatu, asilale karibu na moshi wa makaa. Nne, mkifika asubuhi msimpigie kelele za furaha. Mwacheni atulie, ndiyo mumsalimie. Hii ya nne ndiyo ilikuwa ngumu, juu watoto wa kijiji hawajui kumsalimia Bonjour polepole.

Kikohozi hakikuisha chote, lakini kilipungua sana. Mwenyekiti alikuja siku ya tatu kama alivyosema, akakaa kwenye benchi nusu saa akimwangalia mbwa anakunywa maji. Akaenda bila kusema kitu. Kwetu hiyo ilikuwa ni ruhusa.

Daktari alituambia kuna vikohozi vingine, na vingine siyo vya kucheza navyo. Tumeviandika hapa ili na nyie mwenye mbwa mjue.

Kuna chafya ya kurudi ndani. Mbwa anasimama, ananyoosha shingo, anavuta hewa kwa pua na sauti ya kukoroma, utafikiri anakufa. Inaisha yenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Mwache, au mpapase koo pole pole.

Kuna kikohozi cha kuambukizana, chenye mbwa wanapeana wakikaa wengi pamoja. Kinakuja ghafla, kikavu, kinaendelea hata wiki mbili. Mbwa mkubwa mwenye anakula vizuri mara nyingi anapona. Mtenge na wenzake. Akiwa mtoto wa mbwa, au akiacha kula, au akiwa na joto, tafuta daktari. Na kama kikohozi kimekuja pamoja na usaha wa macho, makamasi mazito, kuhara, au baadaye mwili unashtuka-shtuka, inaweza kuwa distempa. Hiyo inaua watoto wa mbwa sana, na chanjo yake iko.

Kuna kikohozi cha moyo. Huyo anakohoa usiku au akilala, anachoka haraka, tumbo linaweza kuvimba, saa nyingine anaanguka. Hapa simu yako inasaidia. Mbwa akiwa amelala usingizi, hesabu pumzi zake dakika nzima. Chini ya 30 ni sawa. Zikipita 30 kila ukihesabu, siyo jambo la kungoja.

Kuna minyoo pia. Mmoja unaletwa na mbu, unakaa kwenye moyo na mishipa ya mapafu. Mwingine mbwa anaupata akila wale wadudu wenye wanaviringisha mavi. Unatengeneza uvimbe kwenye njia ya chakula, mbwa anakonda huku anarudisha chakula kila siku.

Na kama ufizi umekuwa wa bluu au mweupe, au anapigania pumzi hata akitulia, au anatema damu, usiulize mtu. Tafuta boda umpeleke siku hiyohiyo. Usimpe dawa zako za kikohozi wala ibuprofeni. Dawa ya mtu inaweza kuua mbwa.

Sasa tuingie kwenye ile sehemu yenye ilitufanya tuandike.

Baada ya habari ya Bonjour, watu walianza kutuita madaktari wa mbwa. Hatukuwa, lakini jina likashika. Wiki tatu zikapita. Mzee mmoja wa kijiji cha pili akatuma mtoto atuite, ati mbwa wake mfupa umemkwama, tuje tumshike miguu yeye avute.

Tulimkuta mbwa amelala chini ya mgomba. Hakuwa mkali. Alikuwa amepoa kabisa. Mdomo ulikuwa wazi, taya limening'inia, mate yanashuka kama kamba. Kila baada ya muda anajikaza kama amepaliwa. Mzee aliweka maji mbele yake; mbwa akaingiza pua, akajaribu kumeza, akashindwa. Akajaribu kubweka, sauti ikatoka kama ya mbwa mwingine. Mzee akasema mara ya mwisho kula ni juzi, na hakuna mtu alimwona na mfupa. Chanjo? Hakuwahi.

Yale maswali ya daktari yalituijia yote mara moja, na majibu yalikuwa kinyume na ya Bonjour. Kumeza, hapana. Sauti, imebadilika. Tabia, imebadilika. Chanjo, hakuna. Tukasema, "Mzee, tafadhali, usimguse tena." Akakasirika. "Nyie watoto, mbwa wangu anakufa na nyie mnaogopa meno?" Tukamwambia hatuogopi meno, tunaogopa mate.

Watu wengi wanafikiri kichaa cha mbwa ni mbwa anakimbia barabarani akiuma kila mtu. Huyo yuko. Lakini yuko na wa kimya. Kirusi kinapooza koo na taya, mbwa anashindwa kumeza, anaonekana kama amekwamwa na kitu. Mtu mwenye huruma anamwingiza mkono mdomoni. Mate yanaingia kwenye mkwaruzo, basi.

Tulifunga mbwa uani bila kumshika, tukampigia daktari. Halafu tukauliza nani amemgusa siku za karibuni. Mzee alikuwa ameshaingiza vidole asubuhi ileile. Na mjukuu wake, mtoto wa miaka saba, aliumwa kidoleni siku mbili nyuma akimpa chakula. Mama yake aliweka jiwe jeusi, kidonda kikakauka, wakasahau.

Tuliosha. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, mzee na mtoto wote wawili. Hata kama zimepita siku mbili, unaosha. Mtoto alilia, bibi akatutazama kama tunamtesa. Kituo cha kwanza cha afya hakikuwa na chanjo. Tulichanga, mwenyekiti yuleyule wa fimbo akatoa sehemu kubwa, wakapanda gari mpaka hospitali ingine. Walidungwa siku hiyo. Kesho yake mbwa alikufa. Ubongo haukupimwa, lakini daktari alisema dalili zile tuzichukulie ni kichaa, na wale wawili wasikose hata sindano moja. Hawakukosa. Tulikuwa tunazunguka kwao kila tarehe ikifika, mpaka mtoto akawa anajificha akituona. Leo anakuja darasani jioni, anakaa mbele.

Wandugu, hivi vitu vishike. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Lakini kabla ya dalili kinazuilika. Mara nyingi kinakaa mwilini miezi miwili au mitatu kimya, ndiyo maana watu wanasema "kidonda kimepona" na kumbe hakijapona. Karibu wote wenye kufa kwa ugonjwa huu duniani, 99 kwa 100, waliupata kwa mbwa. Ukiumwa, ukikwaruzwa, au mbwa akilamba kidonda chako, osha dakika 15, nenda kituoni, na usikate sindano katikati hata ukijisikia mzima. Jiwe jeusi, pilipili, mafuta, majani, haviui hicho kirusi. Mbwa aliyekuuma kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe siku 10 aangaliwe. Akibaki mzima siku zote 10, hakuwa nacho siku ile alikuuma. Lakini huku kwetu usingoje hizo siku ziishe ndiyo uanze chanjo. Anza leo.

Na kupiga mbwa wote fimbo hakuondoi kichaa. Ukiua mmoja mwenye alichanjwa, mahali pake anakuja mwingine mwenye hakuchanjwa. Kinachokata ugonjwa ni chanjo. Mbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa, kirusi kinakosa njia. Bonjour alipona fimbo juu ya kadi yake ya chanjo. Bila ile kadi, hata sisi tungekosa maneno mbele ya mwenyekiti.

Sasa tumeanza daftari la mbwa wa vijiji vyetu: mwenye mbwa, rangi, tarehe ya chanjo. Mwenyekiti ameweka sahihi ukurasa wa kwanza. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, na tunataka kabla ya hapo tuwe tumemwomba daktari aje na chanjo. Mwenye mbwa au hata mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, mwandikishe. Mwenye hana mbwa, mwambie jirani. Na ukisikia mbwa anakohoa, angalia kwanza kama anameza. Akimeza na hana zile dalili za hatari, ana muda wa kusubiri daktari. Asipomeza, weka mikono yako mfukoni, na uite watu.