Kufuli la Faili
Nilipokuwa Morogoro nikikusanya msamiati wa Kiluguru, maneno niliyaweka katika faili moja la asili. Programu ililisoma na kuzalisha faili la pili, la kuchapwa. Usiku mmoja nilifanya masahihisho katika hilo la pili. Asubuhi programu ikalizalisha upya, na yote yakafutika, pamoja na maelezo ya bibi mmoja wa Matombo ambaye sasa ni marehemu.

Tangu hapo, kila faili linalozalishwa nalifunga: lisomwe tu, lisiandikwe. Rafiki yangu mshairi aliliona kufuli hilo kuwa dharau. Hata hivyo, halikatazi kusahihisha. Humrudisha msahihishaji kwenye chanzo. Mto Ruvu huanzia Uluguru na kuinywesha Dar es Salaam: atakaye kuutakasa hahangaiki na bomba, hupanda mlimani.