Jua na Maji: Akiba Tuliyoachiwa na Wazee

Wahenga walisema: mwacha mila ni mtumwa. Sisi watu wa Uvira tulikumbuke neno hili hata kwa upande wa chakula, juu siku hizi moto wa kukipika unamaliza miti yetu.

Tuanze na ndagala. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanazivua usiku kwa mwanga wa taa, na asubuhi wamama wanazianika. Zikikauka vizuri, zinapanda Bukavu ndani ya gunia, bila frigo, bila barafu. Samaki mubichi, yeye, anadai barafu. Barafu inadai umeme ao jenereta ya mazutu, na moshi wake unaongeza joto la dunia.

Ila tusidanganyane: musimu wa mvua, ndagala zilizoanikwa chini kwenye mchanga zinaoza, na kazi yote ya usiku inapotea bure. Ndiyo maana tunasifu zile meza za wavu. Hewa inapita juu na chini, ndagala zinakauka mbio, hazina mchanga, na mvua ikija ni rahisi kuzifunika. Mila ni ile ile, imesaidiwa kidogo tu.

Pili, maharage. Bibi zetu walikuwa wanayalaza ndani ya maji usiku kucha, kisha wanafunika chungu wakati wa kupika. Yaliiva mapema. Leo wengi wetu tunayaweka makavu kwenye mbabula, yanachemka nusu siku. Na makala si kitu kidogo: kwa tanuru ya udongo, kilo 1 ya makala inakula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Miti hiyo inatoka milimani, na ndiyo yenye kushika udongo na kupunguza nguvu ya maji ya mvua. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba watu na nyumba nyingi mjini kwetu. Mvua hatuwezi kuizuia, lakini kilima kikiwa uchi, maji yanashuka na hasira zaidi.

Sisi waalimu tunaweza kulifundisha jambo hili bila kitabu: vyungu viwili, maharage kilo moja moja, yaliyolala majini na makavu. Wanafunzi wapime makala yaliyotumika kwa kila chungu.

Nanyi wazazi, leo jioni, mbele ya kulala, mimineni maji juu ya maharage ya kesho. Watoto waone, wajue kwamba hiyo nayo ni mila yetu.