Siku Mitambo Ilipozimwa

Mufindi, katikati ya mashamba ya misindano, harufu ya mayai viza hukupokea kabla hujaliona dohani la kiwanda cha karatasi. Ni salfa hiyo. Vipande vya mti hupikwa kwa kostiki na salfaidi ya sodiamu, kwenye joto la kama nyuzijoto 170, mpaka gundi yake ya asili iachie. Kinachobaki baada ya rojo kuchujwa huitwa maji meusi, na mabomba ya stenlesi huyabeba usiku na mchana.

Leo kumezimwa kwa matengenezo. Juu ya jukwaa, mafundi wawili wamevua koti la sufi ya mawe linalotunza joto la bomba. Sufi imelowa. Bomba lenyewe linang'aa, na mtu asiyejua angeondoka ameridhika.

"Subiri, dada," ananiambia fundi mkubwa. Anapulizia rangi nyekundu, anangoja, anafuta kwa kitambaa mpaka chuma kinarudi cheupe. Kisha anapulizia unga mweupe. Taratibu mstari mwekundu unajichora juu ya unga, mwembamba kama unywele, ukitoa matawi kando ya mshono wa kuchomelea.

Ufa huo haukuanzia ndani, kwenye maji meusi niliyokuwa nikiyaogopa. Ulianzia nje. Stenlesi hulindwa na utando wa oksidi ya kromi, mwembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, unaojirudisha wenyewe ukikwaruzwa. Lakini mvua ikipenya kwenye koti, maji hukauka juu ya bomba la moto na kuacha kloridi, siku baada ya siku. Utando hutoboka. Na kwa kuwa chuma kando ya mshono kimebaki na mvutano tangu kilipochomelewa, kinapasuka bila kutangulizwa na kutu yoyote ya kuonekana. Hapo ndipo ninapowaheshimu watu hawa: wanatafuta kisichojionyesha, na maji meusi yakiwa ndani hakuna atakayepata nafasi ya kutafuta.

Fundi anachora chaki pande zote mbili za ufa, mbali kidogo na ncha zake. Kipande hicho kitakatwa chote. Kuziba juu ya ufa wa namna hii ni kuukaribisha upya. Kijana wake ameshashika grenda, lakini mzee anamtuma kwanza akakague bati linalofunika koti kwa nje, pale maungio yalipoachia, maana mvua iliingilia huko.