Kaunta Buku ya Iyunga

Septemba 2023 kampuni ya ConsenSys ilitangaza kwamba inaziacha Truffle na Ganache. Kabla mwaka haujaisha, mwezi Desemba, msimbo wa zana hizo mbili ukafungwa: atakaye kuusoma ausome, lakini hakuna tena wa kuurekebisha. Wengi waliokuwa wakizitumia walihamia zana nyingine na kazi ikaendelea. Kwetu sisi tuliojifunzia Mbeya, kwenye vyumba vya kupanga vya Iyunga jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, habari ile iliuma. Zana zile ndizo zilizokuwa shule yetu ya blokicheini, na hatukuwa na nyingine.

Kwa asiyezijua, nieleze. Blokicheini, au mnyororo, ni daftari la hesabu linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, na hakuna hata moja inayoweza kulichakachua peke yake. Mkataba mahiri ni programu inayoishi ndani ya daftari hilo. Ukishaiweka kwenye mnyororo wa Ethereum, kuisahihisha ni shida kubwa, na kila inapotumika kuna ada ya kulipa. Kwa hiyo hakuna mwenye akili timamu anayejifunzia pale, kama vile hakuna anayefundishwa udereva kwa kuteremshwa mlima Kitonga siku ya kwanza. Unahitaji mnyororo wako mdogo, wa majaribio, unaowaka ndani ya kompyuta yako na kuendeshwa kwa amri za kuandika kwenye terminali. Huo ndio alioutengeneza Tim Coulter, aliyeanzisha Truffle, zana ya kukompaili na kujaribu mikataba, mwaka 2015, kisha TestRPC, mnyororo wenyewe, ambayo Oktoba 2017 ilibadilishwa jina ikawa Ganache.

Nakumbuka ilivyokuwa ikiwaka. Unaandika testrpc, unabonyeza kitufe cha kuingiza, na skrini nyeusi inajaa maandishi. Zinatangulia anwani kumi, zimepangwa kuanzia sifuri hadi tisa. Zinafuata funguo kumi za siri, kila moja na anwani yake. Chini kuna maneno kumi na mawili yanayozalisha funguo hizo, na mwisho kabisa mstari unaosema mnyororo unasikiliza kwenye mlango namba 8545 wa kompyuta yako mwenyewe. Kila anwani ilikuwa na etha 100, sarafu ya Ethereum. Zilikuwa za bandia, lakini mkataba haukujua hivyo. Ulizipokea, ukazihesabu, ukazikataa pale sharti lilipovunjwa, sawasawa na ambavyo ungefanya kwenye mnyororo wenye fedha za kweli. Ukizima programu, kila kitu kinafutika. Ukiiwasha tena, unaanza upya na bloku ya sifuri.

Kijana wa Mbeya wa miaka ile alipata mambo mengi kwa kuomba: nafasi kwenye maabara, barua ya utambulisho, bando. Mnyororo ule hakuuomba kwa mtu. Umeme ukikatika, betri ya laptopu ilitosha kumalizia jaribio. Intaneti ikigoma, jaribio halikusimama.

Kazi ilikuwa kuzipata zana zenyewe. Zilikuja kupitia npm, njia ya kupakulia programu za JavaScript, na kila moja iliburuta nyuma yake maelfu ya mafaili madogo. Mmoja wetu alinunua bando la usiku, akapakua watu wakiwa wamelala, na asubuhi akazigawa kwa flashi. Hapo nako palikuwa na ujuzi wake: ukinakili folda ya node_modules, yenye mafaili hayo, ilivyo, unaweza kwenda sokoni Mwanjelwa na kurudi hujamaliza, maana mashine inashughulikia faili moja moja. Ilibidi kwanza uzibane zote ziwe faili moja, unakili, kisha uzifungue kwenye laptopu ya mwenzako. Aliyekuwa na kifurushi kinachofanya kazi alibishiwa hodi kutwa nzima. "Kaka, una ile ya jana? Yangu imegoma."

Kwa kuwa maelekezo ya mtandaoni hayakupatikana kila saa, tulikuwa na kaunta buku, ile yenye jalada gumu ambayo maduka mengi huandikia madeni. Kurasa za kushoto ziliandikwa amri, kila moja na maelezo yake kwa Kiswahili: truffle compile ya kukompaili, truffle migrate ya kuuweka mkataba kwenye mnyororo, truffle test ya kuendesha majaribio. Kurasa za kulia ziliandikwa maswali, yaani mambo ambayo mkataba lazima uulizwe kabla haujaaminiwa. Mwandiko ulikuwa wa watu wengi, na mara nyingi mmoja alijibu pembeni swali la mwenzake.

Maswali hayo yalitoka Mbozi. Mwenzetu mmoja alikuwa mtoto wa mkulima wa kahawa Vwawa, huko huko Mbozi, na mradi tuliouchagua ulikuwa stakabadhi ghalani. Utaratibu huu una sheria yake tangu 2005: mkulima anapeleka mazao ghalani kupitia chama chake cha ushirika, anapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo inaweza kumwombea mkopo benki kabla mazao hayajauzwa. Ukiutazama vizuri, ni karatasi inayobeba ahadi, na kwa muda wote wa safari yake watu wengi lazima waiamini. Tuliona hapo ndipo mkataba mahiri unapofaa. Basi kurasa za kulia zikajaa. Karani akitoa kilo nyingi kuliko zilizoingia, mkataba utasema nini? Stakabadhi moja ikipelekwa kuwa dhamana benki mbili, ya pili itakataliwa? Karani aliyeachishwa kazi jana, leo bado anaweza kuandika? Mkulima akifariki, nani anarithi ile anwani?

Swali la kwanza lilitufundisha kuliko mihadhara mingi. Tuliingiza kilo 100 za kahawa ya maganda, kisha tukamwamuru karani wa majaribio atoe 120. Tulitegemea mkataba ugome. Haukugoma. Tulipouliza salio, terminali ilirudisha namba yenye tarakimu 78, inayoanza na 1157. Solidity, lugha tuliyoandikia mikataba, kwa toleo la wakati ule haikujua namba hasi kwenye aina ya namba tuliyotumia. Salio likipungua chini ya sifuri, hesabu ilizunguka na kurudi juu kabisa, kwenye kikomo cha namba. Ghala la kijijini likawa na kahawa ambayo dunia nzima isingeweza kuibeba. Chumba kizima kilikaa kimya, kisha watu wakaanza kuelezana kwa sauti, kila mmoja akichora hesabu kwenye karatasi yake. Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuhimizwa kutumia maktaba ya SafeMath ya OpenZeppelin, iliyokuwa ikizuia hesabu ya namna hiyo. Na Aprili 2018, sarafu iitwayo BEC ilipoporomoka baada ya mtu kutumia tundu la jamaa hiyo hiyo kujizalishia kiasi cha ajabu, tuliisoma habari ile kama watu wanaosoma juu ya mtaa wao.

Halafu mambo yakabadilika, na si kwa sababu ya zana. Tarehe 12 Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma kwamba fedha halali nchini ni shilingi, na kwamba kufanya biashara ya sarafu za mtandaoni, kuzitangaza na kuzitumia ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Sisi hatukuwa na sarafu yoyote. Etha zetu zilizaliwa na kufa ndani ya laptopu. Lakini nani angemweleza mzazi tofauti hiyo? Watu walikuwa bado wanakumbuka upatu wa DECI uliovunjika 2009 na fedha walizopanda zisiote. Wakisikia blokicheini wanasikia upatu mwingine, na siwalaumu. Wenzetu wakaanza kuligeuza jina la mradi wao kwenye barua za kuomba kazi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa teknolojia hii, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Mlango ulianza kufunguka, lakini kundi la Iyunga lilikuwa limeshatawanyika. Wapo Dar es Salaam kwenye huduma za fedha kwa simu, wapo waliogeukia ualimu, yupo Tunduma kwenye uwakala wa forodha. Mradi wa stakabadhi haukuwahi kutoka mlango namba 8545.

Mimi sasa niko Iringa, nakutana na vijana Kihesa Jumamosi, na ninachokiona mezani kwao kingetutoa machozi ya furaha enzi zile. Wanatumia Foundry, iliyotolewa na kampuni ya Paradigm mwishoni mwa 2021. Imeandikwa kwa lugha ya Rust, inakuja na programu chache zinazojitosheleza, haiburuti mafaili elfu. Amri ya anvil inawasha mnyororo kufumba na kufumbua, na kila anwani inapewa etha 10,000. Amri ya forge test inaendesha majaribio yaliyoandikwa kwa Solidity yenyewe, haihitaji tena kujifunza JavaScript pembeni. Na kama jaribio limeandikwa likubali namba yoyote, zana inalirudia mara 256 kwa namba inazozibahatisha yenyewe. Kazi iliyotuchukua jioni nzima wanaimaliza chai haijapoa.

Nafurahi kwa ajili yao, na papo hapo naona kilichopotea. Tangu Solidity 0.8.0 ya Desemba 2020, kilo 100 ukitoa 120 mkataba unagoma wenyewe. Ni jambo jema. Watu wameokolewa hasara. Lakini hakuna kijana wa Kihesa aliyewahi kuiona ile namba ya tarakimu 78, na ambaye hajaiona huamini kwamba kijani cha forge, alama ya jaribio lililopita, kina maana ya usalama. Zana inajibu ulichouliza, basi. Inaweza kubahatisha namba 256 za kilo na zote zikapita, huku karani aliyeachishwa kazi bado anaandika atakavyo, kwa sababu hakuna aliyeuliza habari zake.

Hata njia ya kutoka kwenye laptopu kwenda nje imekuwa nyembamba zaidi. Zamani ukitaka kujaribu mkataba hadharani ulikwenda kwenye minyororo ya mazoezi, ukaomba etha za bure. Ropsten imefungwa, Rinkeby imefungwa, Goerli imefuata. Iliyopo sasa ni Sepolia na wenzake, na baadhi ya wanaogawa etha za mazoezi, kwa kukwepa wadanganyifu, wanakutaka kwanza uonyeshe una etha halisi. Mwanafunzi wa Iringa asiye na senti ya kununulia etha halisi anaweza kunyimwa hata ya mazoezi. Kwa hiyo mnyororo wa ndani ya laptopu, ule uliotupokea sisi bila masharti, ndio uliobaki kuwa uwanja wake pekee wa uhakika.

Na hawana kaunta buku. Kila mmoja ana skrini yake na maelekezo yake ya Kiingereza. Akikwama ananakili ujumbe wa hitilafu, anaupeleka kwa programu ya akili mnemba, anapewa amri, anaibandika, inafanya kazi, anaendelea. Hakuna anayebisha hodi kwa jirani. Siku moja niliwauliza kwa nini jaribio fulani limeandikwa vile. Kijana mmoja akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, limepita." Sikupata cha kumlaumu, ndivyo zana ilivyomfundisha.

Kaunta buku yenyewe ilibaki Vwawa, mimi nina kopi. Nilipoifungua baada ya Truffle kufungwa, nilizipitia kurasa za kushoto na kuona ni za kuhifadhiwa tu. Amri zile tulizozikariri kwa kujivunia hazina tena wa kuzitunza, na za Foundry nazo siku yake itafika, maana hakuna zana ya kompyuta iliyoapa kuishi. Kurasa za kulia hazijachakaa hata mstari. Karani, benki mbili, mkulima aliyefariki: maswali yote bado yanasubiri kuulizwa mkataba wowote, kwa lugha yoyote ya programu, na yaliandikwa kwa Kiswahili na watu wanaolijua ghala kwa kuingia ndani yake.

Ndiyo maana Jumamosi hatuanzi tena na terminali. Tunaanza na maswali, kwa kalamu, kwa Kiswahili, na hakuna anayewasha anvil mpaka meza nzima imekubaliana mkataba uulizwe nini. Mwanzoni waliona tunapoteza muda. Kisha binti mmoja ambaye kwao Rungwe wanalima parachichi akasema stakabadhi zetu zote zimeandikwa kwa kahawa, na kahawa inakaa. "Parachichi halikai, Mwalimu. Stakabadhi yake inakufa siku gani?" Swali hilo halimo kwenye kopi yangu. Foundry ina amri ya kusogeza saa ya mnyororo mbele, na wakaitumia: wakapeleka wakati mbele wiki tatu, wakajaribu kuuza, na mkataba ukauza matunda yaliyokwisha kuoza bila kusita. Sasa wana kazi ya kurekebisha, na wanajua kwa nini wanarekebisha.

Ningetamani vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini vifanye hivyo pia: viwakalishe wanafunzi wa kompyuta na makarani wa vyama vya ushirika (AMCOS), maswali yaandikwe na kutunzwa, zana ije baadaye. Zana watazipata, tena nzuri kuliko zetu. Maswali ya ghala la Mbozi na shamba la Rungwe hakuna kampuni ya ng'ambo itakayotuandikia.