Barua kutoka Washington: Paja la Mpwa Wetu

Dada yangu mpendwa,

Tumefika salama, baridi ni kali, ila nyumba ya mpwa wetu ina joto na mkewe anatupikia wali wa nazi ya kopo ambao si haba. Uliniuliza mguu wa mpwa wetu unaendeleaje. Ngoja nikueleze.

Juzi alinipeleka kuona jengo kubwa la matofali mekundu pale Judiciary Square. Siku hizi ni makumbusho, lakini lilijengwa kati ya 1882 na 1887 liwe ofisi ya pensheni za askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Aliyelibuni, Montgomery Meigs, alikuwa mkuu wa ugavi katika jeshi la Lincoln. Ukuta wa nje umezungukwa na ukanda wa sanamu za udongo wa kuchoma: wapanda farasi, mabaharia, hata majeruhi. Nilisimama pale kwa majeruhi mpaka vidole vikafa ganzi. Ngazi za ndani zina vidato vifupi. Inasemwa Meigs alizifanya hivyo kwa ajili ya askari wenye ulemavu. Mpwa wetu alizipanda vizuri mwanzoni, kisha akasimama katikati, mkono kwenye paja.

Kovu lenyewe ukiliona utasema si kitu. Kipande cha bomu kiliingia mbele ya paja kikatokea upande wa pili, huko Afghanistan. Usiku, mkewe akiwa ametutengea chai, alinifungulia makaratasi yake ya fidia. Dada, sikujua kwamba misuli ina sheria yake! Sheria hiyo imeigawa katika makundi 23, na misuli ya mbele ya paja ni kundi la 14. Jeraha hupangwa kuwa dogo, la wastani, zito kiasi au zito sana, na kwa kundi hilo maana yake ni asilimia 0, 10, 30 au 40. Lililotoboa na kutokea upande wa pili halishuki chini ya wastani. Kwa viwango vya 2025, asiye na mke wala mtoto alipata kama dola 175 kwa mwezi kwa asilimia 10, na kama dola 537 kwa asilimia 30. Si tofauti ya kupuuza.

Kinachonipendeza ni kwamba sheria haiishii kwenye kovu. Inauliza kama nguvu zimepungua, kama misuli inachoka upesi na kuuma ikichoka, kama mwendo umepoteza uhakika. Daktari hupapasa misuli, kisha huupima mguu ulioumia dhidi ya ule mzima. Hapo sheria imetenda haki, maana mtu haishi kwa kovu, anaishi kwa kupanda ngazi na kubeba mtoto.

Ila inauliza pia kama malalamiko hayo yamo kwenye rekodi tangu zamani, na hapo ndipo roho iliponiuma. Mpwa wetu alilelewa kwetu, ambako mwanaume hujikaza. Kila alipoulizwa jeshini alijibu kwamba hajambo, na daktari akaandika hivyohivyo. Akapewa asilimia 10. Miaka ya maumivu haimo hata kwenye mstari mmoja. Sasa ameomba hesabu ipitiwe upya. Wenzake wa kikosi wameandika waliyoyaona, na mkewe ameandika jinsi anavyoamka usiku kumkanda. Maelezo ya namna hiyo hupokewa kama ushahidi, na mimi naona yana uzito kuliko kovu.

Mwanao naye anakaribia kumaliza mkataba wake wa jeshi kule Texas. Mpigie simu wiki hii, dada. Mwambie kila kinachomuuma akiseme kwa daktari kabla hajavua sare, kiandikwe, naye abaki na nakala. Akikuambia hajambo, usikubali.

Wako,
Mdogo wako