Matukio Matatu ya 2025 Yaliyoishia Njiani, na Ndiyo Niliyoyapenda Zaidi

Orodha za mwisho wa mwaka mshaziona zote: wimbo bora, densi bora, kiki kubwa kuliko zote, nani ameachana na nani. Sizidharau. Nimezisoma, na nyingine nimebishana nazo hadi bando ikaisha. Lakini nilipokaa kuandika yangu nikaona kitu cha ajabu. Matukio matatu niliyoyapenda zaidi mwaka 2025, ukiyaandika kwa karatasi, yote ni hasara. Mchezo wa kuigiza ambao haukuigizwa. Mbio ambazo lengo lake halikufikiwa. Timu iliyotolewa robo fainali. Watu wa muziki, tulieni, yenu inakuja wiki ijayo.

Labda ni kwa sababu mimi mwenyewe naitwa "yule hakumaliza". Niliachia chuo mwaka wa pili, karo ilipokuwa imenizidi na mlangoni pa chumba cha mtihani hakuna huruma. Tangu hapo kila harusi na kila matanga lazima kuwe na mjomba mmoja ataniuliza, na sahani mkononi, "Sasa masomo yaliishia wapi?" Kwa hivyo nikiona kitu kimeishia njiani, mimi hukiangalia mara mbili. Na nimegundua kuishia njiani si kitu kimoja. Kuna kuzuiwa, kuna kupungukiwa, na kuna kushindwa. Twende moja moja.

Kwanza, Butere Girls.

Aprili, tamasha la kitaifa la drama, Nakuru. Wasichana wa Butere walikuwa na mchezo unaoitwa Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Ni hadithi ya ufalme wa kubuni uliotoka vitani, na vijana wanaotaka wanaowatawala wawasikilize. Mchezo ulikuwa umefungiwa nje ya mashindano, Mahakama Kuu ikaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza. Jioni kabla ya zamu yao, Malala akakamatwa. Asubuhi ya tarehe 10 polisi walikuwa kila mahali, na watu waliokuja kutazama wakarushiwa vitoa machozi. Wasichana wakaingia ukumbini, wakakuta hakuna watazamaji, hakuna mitambo ya sauti. Wakaimba wimbo wa taifa. Kisha wakatoka wakaenda zao.

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa shoo.

Niliiona ile klipu nikiwa kwa matatu, Thika Road, na abiria wa kando yangu alikuwa anaiona pia kwa simu yake, amechelewa kwangu kama sekunde 10. Mimi kazi yangu ni kontenti. Najua jasho la kumfanya mtu asikuruke kwenye sekunde tatu za kwanza. Hawa hawakuwa na taa, hawakuwa na maikrofoni, na walichoimba ni wimbo ambao sisi wote tumeuimba kwa gwaride tukisinzia, soksi zimelowa umande. Asubuhi hiyo nikausikia kama umeandikwa jana.

Sasa kuna watu husema walibahatika, ati kuzuiwa ndiko kulikowafanya wajulikane. Hapana. Watoto walifanya mazoezi wakanyang'anywa siku yao, na hakuna klipu inayolipa hiyo. Ninachopenda ni kile walichofanya na zile dakika chache walizobakishiwa. Hiyo hakuna aliyewaandikia.

Pili, Faith Kipyegon.

Kumbuka wiki yenyewe. Tarehe 25 Juni ilikuwa mwaka mmoja tangu yale maandamano ya 2024, vijana wakarudi barabarani, na watu wakauawa tena. Serikali iliamuru vituo visionyeshe maandamano moja kwa moja, na vingine vikazimwa hewani. Usiku uliofuata, tarehe 26, mtaani kwetu hakuna aliyekuwa na hamu ya kushangilia chochote.

Usiku huo ndio Kipyegon alisimama kwenye mstari pale Stade Charléty, Paris, akijaribu kitu ambacho hakuna mwanamke amewahi kufanya: kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Rekodi yake mwenyewe, ambayo ndiyo ya dunia, ilikuwa 4:07.64. Yaani alitakiwa kupunguza zaidi ya sekunde 7. Kwa mwendo ule, hiyo ni karibu mita 50. Panga mabasi manne, moja nyuma ya lingine, halafu uambiwe uyapite yote kwa usiku mmoja. Nike walimtengenezea viatu na vazi maalum, na wakimbiaji 13 wakamzunguka kumkinga upepo.

Niliangalia na Mama kwa simu yangu, tumeiegemeza kwa chupa ya maji. Mama si mtu wa riadha. Mzunguko wa mwisho, uso wa Faith ulipoanza kubadilika, Mama akasema tu, "Mwachieni apumue." Akamaliza kwa 4:06.42. Haraka kuliko rekodi yake, lakini kwa sababu ya vile mbio zilivyopangwa, haihesabiwi rekodi. Na dakika 4 zikabaki pale pale zilipokuwa.

Mnajua mwisho wake. Siku 9 baadaye, Eugene, Marekani, akakimbia mita 1500 kwa 3:48.68 na kuvunja rekodi yake ya dunia ya 3:49.04. Siku hiyo hiyo Beatrice Chebet akawa mwanamke wa kwanza kumaliza mita 5000 chini ya dakika 14, kwa 13:58.06. Hizo ndizo ziko vitabuni. Lakini mimi bado ni ule usiku wa Paris. Mtu ameshinda dhahabu za Olimpiki tatu mfululizo, angeweza kukaa na heshima yake nyumbani. Akaenda kujaribu kitu kigumu namna ile, kamera zote zimewashwa, dunia nzima ikijua ni sekunde ngapi zinamhusu. Sisi huku video ikikosa watazamaji 200 mtu anaifuta kabla ya asubuhi.

Tatu, Harambee Stars.

Najua, najua. Lakini nisikizeni.

CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaochezea ligi za nyumbani kwao. Ile ya 2018 tulikuwa tuiandae sisi, tukanyang'anywa kwa kuchelewa na maandalizi, ikapelekwa Morocco. Agosti 2025 ikaja kwetu, tukiandaa pamoja na Tanzania na Uganda, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kabisa kucheza. Kundini tulikuwa na DR Congo na Morocco, ambao kila mmoja alikuwa ameshachukua kombe hilo mara mbili. Watu walishaanza kuandika rambirambi.

Mimi hukaa Kasarani, upande wa Hunters, na kuna kinyozi mwenye televisheni kubwa. Shida ya kutazama mpira karibu na uwanja ni kwamba kelele za uwanjani hukufikia kabla ya picha. Kwa hivyo Austin Odhiambo alipowafunga DR Congo, sisi tulishangilia kwanza, halafu tukaona bao. Tarehe 10 Agosti ikawa Morocco. Ryan Ogam akafunga, kisha kabla ya mapumziko tukapewa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili, watu 10. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu, na mteja hakulalamika. Tukashinda 1-0. Tukawapiga Zambia 1-0 pia, tukaongoza kundi.

Halafu Ijumaa, tarehe 22, robo fainali, Madagascar. Moja kwa moja hadi penalti. Na pale ndipo nilijua ubaya wa kuishi karibu na uwanja. Nje kulinyamaza kabla televisheni haijafika. Tuliketi tukitazama mchezaji wao akienda kupiga penalti ambayo tulishajua imeingia.

Morocco walichukua lile kombe. Katika mashindano yote, timu moja tu iliwafunga. Hilo halitupi kombe, na siwaambii tulishinda, kwa sababu tulishindwa. Lakini Jumamosi asubuhi watoto wa ploti yetu walikuwa nje na mpira wa karatasi, na wawili walikuwa wanagombana nani awe Ogam. Miaka yote nimekaa hapa wamekuwa wakigombania majina ya Uingereza.

Sasa kwa nini nawaambia haya yote.

Mwezi uliopita dogo mmoja aliniandikia. Ametoka kumaliza mtihani wa kidato cha nne, anangoja matokeo. Akasema haoni haja ya chuo, kwa sababu mimi niliacha na "niko sawa". Nilikaa na huo ujumbe siku mbili. Kumwambia niko sawa ni kumdanganya: kuna miezi kontenti hailipi hata kodi ya nyumba. Kumwambia siko sawa pia ni uongo, kwa sababu napenda ninachofanya na nakifanya vizuri.

Mwishowe nilimjibu hivi. Kati ya hawa watatu, hakuna aliyekataa kuanza. Wasichana waliingia ukumbini. Faith alisimama kwenye mstari. Stars walipanda uwanjani wakiwa 10. Mimi nilipungukiwa, na iko siku nitajua kama nitarudi. Barua yangu ya kujiunga na chuo bado iko ndani ya mkoba wa Mama, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na salio la karo ni shilingi 61,000. Mwaka jana lilikuwa 94,000. Lakini wewe hata hujapigiwa kengele. Usinitumie mimi kama sababu.

Amesoma. Hajajibu. Matokeo yakitoka nitamtafuta.

Haya, zamu yenu. Nipeni tukio lenu moja la 2025. Sharti ni moja tu: liwe halikuisha vizuri.