Ngozi na Uzi

Msomaji mpenzi, huenda siku moja ukatumwa kununua kitabu ambacho mtu umpendaye atakisoma mpaka mwisho wa maisha yake. Mimi nilitumwa kazi hiyo mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa, na mara ya pili nilifunzwa. Nakusimulia yote mawili, kwa kuwa kosa la mwenzio likikuzindua ni faida uliyoipata bila ya kulipa.

Mama yangu anakaa Wundanyi, katika vilima vya Taita. Biblia yake alipewa siku ya arusi yake, mwaka 1968. Ilikuwa nakala ya ile tafsiri iitwayo Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952. Katika ukurasa mtupu wa mbele aliandika majina ya watu wa nyumba yetu na siku walizozaliwa. Na waliotutangulia, aliandika pia siku walizokufa. Hivyo kitabu kile kilikuwa kitabu cha sala, na kilikuwa pia daftari la ukoo. Mwaka 2013 jalada lake lilikuwa limekwisha kabisa. Sisi watoto 4 tulichanga fedha ili tumnunulie Biblia nyingine, bora kupita zote, yenye jalada la ngozi na marejeo pambizoni. Kazi ya kuchagua nilipewa mimi, kwa sababu nilikaa mjini.

Niliingia katika duka moja nikaonyeshwa Biblia iliyong'aa kama kioo. Kingo za kurasa zilipakwa dhahabu, utepe wake ulikuwa mwekundu, na jalada lilikuwa jeusi la kupendeza. Muuzaji aliniambia kuwa ni ngozi, nami sikumwuliza ngozi gani. Niliona haya kuikunja na kuichungua mbele yake, kana kwamba kukagua kitabu kitakatifu ni utovu wa adabu. Nililipa, nikaenda zangu kwa furaha.

Mwaka wa tatu nilikwenda nyumbani bila ya kutoa habari. Nilimkuta mama ameketi uani katika jua la mchana, Biblia mapajani, imefungwa kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa baiskeli. Jalada lilikuwa likibambuka magamba, na kurasa za Mwanzo zilikuwa zimeng'oka. Alikaa juani kwa sababu herufi zilikuwa ndogo mno kwa macho yake. Ndani ya nyumba hakuziona.

Nikamwuliza, "Mama, mbona hukutuambia?"

Akanijibu, "Mwanangu, zawadi haikaguliwi. Mliileta kwa moyo, nami nimeifunga kwa moyo."

Jibu hilo liliniuma kuliko lawama. Nilifahamu kuwa nilikuwa nimenunua sura ya kitabu, na macho ya mama yangu sikuyakumbuka hata kidogo.

Nilizichukua Biblia zote mbili, kuukuu na mpya, nikateremka nazo mpaka Mombasa, kwa mzee mmoja fundi wa kujalidi vitabu katika Mji wa Kale. Mzee huyo ni Mwislamu. Maisha yake yote amejalidi misahafu ya misikitini, vitabu vya makanisani na madaftari ya shule, bila ya kupunguza uangalifu kwa kimoja wala kwa kingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea wagonjwa wawili?"

Alizifungua zote mbili juu ya meza yake. Akaishika ile mpya, akasema, "Hii haikushonwa. Imebandikwa." Kisha akaishika ile ya mwaka 1968. "Hii imevuliwa nguo tu. Uzi wake u hai."

Hapo ndipo nilipopata somo, nami nakupa wewe kama nilivyopewa. Kitabu kilichotengenezwa vyema huchapwa katika karatasi kubwa, zikakunjwa mara kadhaa zikawa mafungu madogo ya kurasa, na kila fungu likashonwa kwa uzi katika mkunjo wake. Kitabu rahisi hukatwa migongo ya mafungu hayo, kikapakwa gundi tu. Gundi hukauka, ikikauka hupasuka, ikipasuka kurasa hutoka kama majani ya kiangazi. Ukitaka kujua, tazama kichwa cha mgongo wa kitabu: ukiona mikunjo midogo iliyopangana, fungua katikati ya fungu moja, na uzi utauona kwa macho yako.

Ngozi nayo ina siri zake. Yako majalada yaliyofanywa kwa mabaki ya ngozi yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi, yakakandamizwa na kupigwa chapa ya vinyweleo. Hayo huitwa ngozi, na jina hilo si uongo mtupu, lakini nguvu ya ngozi haimo tena ndani yake. Ngozi nzima ya mbuzi au ya ndama, ukiikunja, hujikunja kwa wepesi na kurudi. Vinyweleo vyake havilingani mahali pote, kama vile mgongo wa mkono wako usivyolingana.

Kisha angalia karatasi. Biblia ina vitabu 66, na ile ya Wakatoliki ina 73. Lau ingechapwa katika karatasi nene isingebebeka. Kwa hiyo hutumika karatasi nyembamba. Inua ukurasa mmoja mbele ya mwanga: mchapaji hodari hupanga mistari ya upande huu iangukie juu ya mistari ya upande wa pili, ili kivuli cha maneno ya nyuma kisimchoshe msomaji.

Mwisho, pima marejeo. Yale maandishi madogo ya pambizoni hukutoa aya hii yakakupeleka aya nyingine yenye habari iliyo jamaa yake. Jambo hilo limewezekana kwa kazi ya watu wa kale. Mgawanyo wa sura tunaoutumia hunasibishwa na Stephen Langton wa Uingereza, katika karne ya 13. Na aya za Agano Jipya zilitiwa nambari na Robert Estienne, mpiga chapa wa Ufaransa, mwaka 1551. Marejeo ni hazina, lakini marejeo yasiyosomeka ni vumbi tu pambizoni.

Huenda ukauliza, kwa nini kujitaabisha hivi kwa ajili ya jalada? Kumbuka jinsi maneno yenyewe yalivyopatikana. Johann Ludwig Krapf alianza kufasiri Mwanzo kwa Kiswahili mwaka 1844, mwaka ule ule alipomzika mkewe na bintiye Mombasa. Agano Jipya la Edward Steere, wa Unguja, lilitoka mwaka 1879, na Biblia nzima mwaka 1891. Kazi iliyowagharimu watu umri wao haistahili kufungwa kwa gundi ya msimu mmoja.

Mara ya pili sikuchagua peke yangu. Nilimchukua mama, akaketi dukani mbali na dirisha, nikamwekea mbele Biblia 3, nikamwomba asome. Ile yenye dhahabu nyingi aliisukuma kando. Akachukua iliyo sahili kupita zote: ngozi ya mbuzi, imeshonwa, herufi kubwa. Akasoma ukurasa mzima pasipo kusita, akasema, "Hii yasema nami."

Fundi aliivika ile ya kale ngozi mpya, nayo iko kwa dada yangu. Lakini kabla ya kuitoa, mama alinakili majina yote kwa mkono wake katika ile mpya. Aliandika jina la baba na siku zake mbili. Akaandika jina lake na siku aliyozaliwa, kisha akaacha nafasi mbele yake, akafunga kalamu. Hakuna aliyesema neno.

Msomaji, wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima, na ni kweli kwa mtu achaguaye ili akwepe kulima. Wewe chagua, kisha lima. Ngozi ishikwayo kila siku hubaki laini kwa mafuta ya mikono, na ile ifungiwayo sandukuni hukauka au huota ukungu. Usione haya kukikunja kitabu, kukiinua mbele ya mwanga, na kuutafuta uzi wake. Na kabla ya yote hayo, uliza ni macho ya nani yatakayokisoma.